Dakika Nne za Tabata na Saa Moja ya Mchakamchaka

Katika jimu moja ya mtaani Dar es Salaam, ambako nilijiandikisha mwaka jana baada ya tundu la mwisho la mkanda wangu kugoma, kuna saa ya umeme yenye tarakimu nyekundu iliyotundikwa juu ya kioo. Mkufunzi huibonyeza, nayo huhesabu sekunde 20 za kuruka, kuchuchumaa na kukimbia hapohapo ulipo, kisha sekunde 10 za kuhema, mara nane, hadi dakika nne zitimie. Zoezi hilo huitwa Tabata. Siku yangu ya kwanza, nikiwa nimeshika magoti na jasho likidondoka sakafuni, mkufunzi alinigonga begani akaniambia, "Kaka, hapo umemaliza. Mwili utaendelea kuchoma mafuta wenyewe mpaka kesho asubuhi." Jumapili iliyofuata nilikuwa na klabu ya jogingi ya mtaa wetu, watu kama arobaini wenye fulana za rangi moja, tukiitikia nyimbo za mchakamchaka barabarani kuanzia saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri, na mzee mmoja aliyekuwa akikimbia pembeni yangu akanieleza, kwa uhakika uleule wa mkufunzi, kwamba ukihema hadi ukashindwa kuimba basi unachoma sukari, si mafuta, na kwamba kitambi hakiondoki ila kwa mwendo mrefu wa taratibu.

Watu hawa wawili hawajapata kukutana, lakini ubishi wao unaendelea kila mahali ambapo watu wanajaribu kupunguza mwili. Upande mmoja wako wanaoamini mazoezi ya vipindi, yaani kujituma kwa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kupumzika kidogo, kisha kurudia. Upande wa pili wako watu wa mwendo mmoja, wanaotembea haraka, kukimbia taratibu, kuogelea au kuendesha baiskeli kwa kasi isiyobadilika kwa nusu saa, dakika 45 au saa nzima. Hoja yangu ni kwamba vipindi vimepewa sifa isiyo yao. Ni kweli vinaokoa muda katika kujenga moyo na mapafu, na ushahidi wa jambo hilo ni mzito. Lakini nafuu hiyo ya muda haihamii yote kwenye mafuta, kwa sababu mafuta hufuata hesabu ya kazi yote iliyofanyika na chakula chote kilicholiwa, na hesabu hiyo haina njia ya mkato ya dakika nne.

Tuanze na jina lenyewe, maana wengi wanaolitamka kila jioni hawajui kuwa ni jina la mtu. Izumi Tabata ni mwanasayansi wa Kijapani ambaye mwaka 1996, akiwa na wenzake wa taasisi ya taifa ya elimu ya viungo na michezo ya Kanoya, kusini mwa Japani, alichapisha utafiti uliokuja kubadili mazoezi ya dunia nzima. Mbinu hakuibuni yeye. Aliikuta ikitumiwa na kocha Koichi Irisawa, aliyekuwa akiwafundisha Wajapani wa mashindano ya kuteleza kwa kasi juu ya barafu, akataka kujua inafanya nini hasa ndani ya mwili. Aliwachukua vijana wa kiume waliokuwa wakisomea elimu ya viungo, saba kwa kila kundi, akawapa mazoezi ya baiskeli ya ndani siku tano kwa wiki kwa wiki sita. Kundi la kwanza liliendesha kwa saa nzima kwa kiwango cha asilimia 70 ya uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni. Kundi la pili lilifanya mikupuo saba hadi minane ya sekunde 20, ikitenganishwa na mapumziko ya sekunde 10, kwa nguvu ya asilimia 170, yaani kazi inayozidi kwa mbali ile ambayo ingetosha kuufikisha mwili kwenye kilele chake. Baada ya wiki sita, uwezo wa kutumia oksijeni wa kundi la kwanza ulikuwa umepanda kwa mililita 5 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, na wa kundi la pili kwa mililita 7. Zaidi ya hapo, kundi la pili liliongeza kwa asilimia 28 ule uwezo wa kufanya kazi bila kutegemea oksijeni, jambo ambalo kundi la saa nzima halikulipata hata kidogo.

Ni matokeo ya kuheshimiwa. Lakini katika vijana wale hakuna aliyezungushiwa futi ya fundi kiunoni kuona kitambi kimepungua kiasi gani, na kwa jinsi walivyokuwa wanamichezo wenye umri wa miaka ishirini na kitu, nadhani hata kitambi chenyewe kingetafutwa kwa taa. Utafiti haukuuliza habari ya mafuta, na habari ya mafuta imebandikwa juu yake baadaye na watu wenye bidhaa ya kuuza. Tena mkupuo mmoja wa Kanoya haufanani na kuruka kwetu mbele ya kioo: baiskeli iliwekwa ugumu maalumu, na kijana aliyeshindwa kudumisha kasi ya mizunguko 85 kwa dakika alisimamishwa, maana mkupuo wa saba au wa nane ulitakiwa kummaliza kabisa. Mimi na wenzangu wa saa nyekundu, baada ya raundi ya nne, tunakuwa tumeshaanza kudanganya kwa kurusha mikono tu. Na kuna jambo moja dogo ambalo sijawahi kumsikia mkufunzi yeyote akilitaja: hata kundi la vipindi, katika siku zao tano za wiki, siku moja walipewa nusu saa ya mwendo mmoja kabla ya mikupuo michache. Kwa hiyo Tabata mwenyewe hakuwahi kuutupa mwendo mmoja nje ya dirisha.

Tafiti zilizolenga mafuta moja kwa moja zipo, na ndizo zilizozaa ubishi wenyewe. Ule unaonukuliwa kuliko yote ulitoka Chuo Kikuu cha Laval, Quebec, mwaka 1994, chini ya Angelo Tremblay. Kundi moja lilifanya mwendo mmoja kwa wiki 20, jingine likafanya programu ya vipindi kwa wiki 15. Kundi la vipindi lilitumia nishati isiyofika nusu ya ile ya wenzao, lakini unene wa mafuta ya chini ya ngozi, uliopimwa sehemu sita za mwili, ulipungua zaidi kwao. Na watafiti walipogawanya punguzo hilo kwa nishati iliyotumika, tofauti ikawa mara tisa. Hiyo "mara tisa" ndiyo iliyosafiri dunia nzima ikiwa imeachana na maelezo yake. Mtu akisikia mara tisa anadhani wa vipindi walipungua kilo tisa pale wengine walipopungua moja, kumbe ni uwiano: ukigawa tofauti ndogo kwa kigawanyo kidogo, jibu hufura. Na programu hiyo iliyoitwa ya vipindi ilikuwa na siku nyingi za nusu saa ya mwendo mmoja ndani yake, kama vile Kanoya.

Kisha ikaja Sydney, mara mbili, na majibu mawili yanayopingana. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales waliwachukua wanawake vijana 45 kwa wiki 15. Waliofanya mikupuo ya sekunde 8 za kasi na sekunde 12 za kupoa, kwa dakika 20, mara tatu kwa wiki, walipoteza kilo 2.5 za mafuta, ilhali waliozungusha baiskeli kwa dakika 40 kwa mwendo mmoja hawakupoteza. Mwaka 2014, katika mji huohuo lakini chuo kingine, Shelley Keating na wenzake waliwafuatilia watu wazima 38 wenye uzito uliozidi, wasiokuwa na desturi ya mazoezi, kwa wiki 12, na safari hii mambo yakageuka: mwendo mmoja ulipunguza mafuta ya kiwiliwili, vipindi havikupunguza, ingawa uwezo wa moyo na mapafu ulipanda kwa makundi yote mawili. Mtu mwenye upande wake anaweza kuchagua mojawapo ya tafiti hizi na kuifungia kwenye fremu. Mimi nadhani zinasema jambo moja zikisomwa pamoja: kwa vikundi vidogo vya watu, ndani ya miezi mitatu au minne, bila kudhibiti walichokula nyumbani, matokeo yatayumba huku na huku, na kuyumba huko si ushahidi wa ubora wa zoezi.

Ndiyo maana ni afadhali kutazama uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi pamoja. Mmoja wa mwaka 2017 uliunganisha tafiti 13 zilizofanywa kwa watu wenye uzito uliozidi, wengi wao wakifanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wastani wa wiki kumi, ukakuta kwamba vipindi na mwendo mmoja vyote vilipunguza mafuta kwa takriban kilo 2 na kiuno kwa takriban sentimita 3, bila tofauti ya maana kati yao, ila vipindi vilichukua muda pungufu kwa karibu asilimia 40. Kilichonivutia zaidi ni jambo lililo pembeni ya ubishi: waliokimbia walipungua vizuri, walioendesha baiskeli karibu hawakupungua, iwe kwa vipindi au kwa mwendo mmoja. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2019, uliwapa ushindi watu wa vipindi kwa asilimia 28.5 ya mafuta zaidi. Asilimia hiyo inatisha hadi utakapoitafsiri kwa mizani: kama mtu wa mwendo mmoja amepunguza kilo 2, wa vipindi atakuwa amepunguza kilo 2 na nusu na ushei. Kwa mtu mwenye kilo 95 anayetaka kufika 80, nusu kilo hiyo si jambo la kumfanya abadili jimu.

Nirudi sasa kwa mkufunzi wangu na ahadi yake ya mwili unaochoma mafuta mpaka kesho asubuhi. Ahadi hiyo haikutoka hewani. Baada ya kazi ngumu, mwili huendelea kutumia oksijeni zaidi ya kawaida kwa muda fulani ili kurejesha akiba ya misuli, kuondoa mabaki ya kazi na kushusha joto, na baada ya mazoezi makali matumizi hayo huwa makubwa kuliko baada ya mepesi. Swali ni kiasi. LaForgia, Withers na Gore, waliopitia tafiti za jambo hili mwaka 2006, walikuta kwamba matumizi hayo ya baadaye ni kati ya asilimia 6 na 15 ya nishati iliyotumika kwenye zoezi lenyewe. Tufanye hesabu kwa mtu wa kilo 80 asiye mwanamichezo. Akijituma hadi kilele chake, anaweza kutumia lita 3 hivi za oksijeni kwa dakika, na kila lita ina thamani ya kalori 5 hivi, kwa hiyo dakika nne zitamgharimu kama kalori 60. Mpe ile asilimia 15 yote, bila kumpunja: ni kalori 9. Kijiko kimoja kidogo cha sukari kwenye chai kina kama kalori 16. Yaani ule moto unaosemwa kuwaka usiku kucha hautoshi kuunguza hata kijiko kimoja cha sukari cha chai ya asubuhi.

Mtu atasema dakika nne ni chache mno, tuchukue kipindi kamili. Sawa. Mtu huyohuyo akifanya nusu saa ya vipindi vizito vya kalori 300, nyongeza yake ya baadaye ni kalori 45; akikimbia taratibu kilomita tano, akatumia kalori kama 400, nyongeza yake kwa kiwango cha chini cha asilimia 6 ni kalori 24. Tofauti ya nyongeza ni kalori 21, lakini tofauti ya zoezi lenyewe ni kalori 100 kwa upande wa mkimbiaji wa taratibu. Sioni namna ya kuipanga hesabu hii ili nyongeza iishinde kazi yenyewe, na nimejaribu, maana nilikuwa nimeshalipia miezi mitatu.

Mzee wa Jumapili naye ana kosa lake, ingawa ni kosa lenye heshima zaidi kwa sababu nusu yake imeandikwa kwenye vitabu vya fiziolojia. Ni kweli kwamba kwa mwendo wa taratibu misuli hutumia sehemu kubwa zaidi ya mafuta, na kwamba kadiri kasi inavyopanda ndivyo inavyogeukia sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini. Hata mashine za kukimbilia zimechorwa ukanda wa mapigo ya moyo unaodaiwa kuwa ndio wa kuchoma mafuta. Lakini mwili haufungi daftari lake pale mtu anapovua viatu. Aliyetumia sukari nyingi asubuhi atatumia mafuta mengi zaidi mchana akiwa ameketi ofisini, na aliyetumia mafuta asubuhi atafanya kinyume chake. Edward Melanson na wenzake wa Colorado walipowapima watu kwa saa 24 kamili, walikuta kwamba siku ya mazoezi haikuongeza mafuta yanayochomwa kwa siku nzima ikilinganishwa na siku ya kukaa, pale chakula kilipolingana na matumizi. Kinachoamua ni pengo kati ya kinachoingia na kinachotoka kwa siku na kwa wiki. Kama mzee anaweza kuimba akiwa anakimbia, hongera kwa pumzi yake, lakini wimbo si kipimo cha mafuta.

Kuna hoja nyingine ambayo hutolewa kwa picha mbili zilizobandikwa pamoja: mkimbiaji wa mita 100 mwenye misuli iliyochongwa, na wa marathoni mwembamba kama fito, kisha mtu anaulizwa angependa mwili upi. Nikiri kwamba hoja hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Mkimbiaji wa mita 100 alizaliwa na aina fulani ya misuli, akachaguliwa kwa ajili hiyo, na hutumia saa nyingi akinyanyua vyuma. Mwembamba wa marathoni naye ana mafuta machache sana mwilini. Tena sisi wa Afrika Mashariki hatuna sababu ya kuhangaika na picha za mbali. Mtu akipanda Iten, kule Elgeyo Marakwet nchini Kenya, au Kaptagat alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang, atawakuta mabingwa wa dunia wakianza mbio za asubuhi kwa mwendo wa kujikokota ambao mimi na klabu yetu ya jogingi tungeweza kuufuata, walau kwa kilomita mbili za kwanza. Vipindi wanavyo: siku ya uwanjani wanakimbia mizunguko iliyopimwa, na siku ya fatleki, iliyorithiwa kutoka kwa Wasweden wa miaka ya 1930, kundi kubwa hubadilisha kasi dakika kwa dakika kwenye barabara za vumbi. Lakini katika kilomita 200 na ushei ambazo mtu kama Kipchoge alizikimbia kwa wiki, sehemu kubwa ilikuwa ya taratibu. Vipindi viliwekwa juu ya msingi huo kama bati juu ya ukuta. Mtu wa jimu ameambiwa anunue bati, alilaze chini, ahamie.

Ubishi wote huu, hata hivyo, unafichwa nyuma ya jambo kubwa zaidi, na ushahidi wake ulipatikana hapahapa Tanzania. Herman Pontzer, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, alikwenda kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, watu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, na pamoja na wenzake akapima nishati wanayotumia kwa siku kwa maji maalumu yenye atomi zinazofuatilika. Wanaume walikuwa wakitembea kwa wastani zaidi ya kilomita 11 kwa siku na wanawake kama 6. Kila mtu angetarajia watumie kalori nyingi kupita mkazi wa mjini Marekani anayekwenda kazini kwa gari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba, baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, hawakutumia zaidi. Maelezo ambayo Pontzer aliyajenga baadaye ni kwamba mwili una bajeti, na ukitumia sana upande mmoja unabana upande mwingine, kwenye kazi za ndani na kwenye mijongeo midogo ya siku ambayo hatuihesabu. Wapo wanaojadiliana naye kuhusu ukubwa wa kubana huko, lakini mwelekeo wenyewe unaeleza vizuri kwa nini tafiti zile zote, za vipindi na za mwendo mmoja, huishia kwenye zile kilo 2, wakati hesabu ya kalori za zoezi peke yake wakati mwingine ingeahidi zaidi.

Kwenye klabu yetu ya jogingi kubana huko hakuhitaji maji maalumu ili kuonekana. Tukimaliza kilomita tano, tunaishia kwa mama mmoja mwenye supu nzuri ya ng'ombe, na chapati za kusukuma zenye tabaka ambazo huachia mafuta kwenye vidole kabla hazijafika mdomoni. Chapati mbili za namna hiyo zinaweza kufika kalori 500, supu bado haijahesabiwa, na soda ya kupoza koo pia. Mtu wa kilo 80 ametumia 400. Tunacheka, tunapiga picha na fulana zetu, tunarudi nyumbani tukilala hadi saa tisa. Wenzetu wa vipindi wana kisingizio chao pia: aliyeruka kwa dakika nne hadi akaona nyota huamini amelipa deni la wiki nzima, na jioni hiyo chipsi mayai inakuwa haki yake. Tofauti ya kisayansi kati ya mbinu hizi mbili ni ndogo kuliko sahani moja ya chipsi mayai, na hilo ndilo jambo ambalo ningependa liandikwe ukutani chini ya ile saa nyekundu.

Pamoja na hayo yote nisieleweke kama nawakataza watu vipindi. Ukiacha mizani na ukatazama moyo, mambo yanabadilika kabisa. Huko Trondheim, Norwei, Ulrik Wisløff na wenzake waliwapa wagonjwa wazee wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri mikupuo minne ya dakika nne nne kwa asilimia 90 hadi 95 ya kilele cha mapigo ya moyo, kukiwa na dakika tatu za kupoa katikati. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha uwezo wao wa kutumia oksijeni umepanda kwa asilimia 46, dhidi ya 14 kwa waliotembea kwa mwendo mmoja. Walifanya hivyo chini ya uangalizi, na si mbinu ya mgonjwa kujipangia nyumbani. Nchini Kanada, kundi la Martin Gibala la Chuo Kikuu cha McMaster lilionyesha mwaka 2016 kwamba wanaume wasiofanya mazoezi waliojituma kwa mikupuo mitatu ya sekunde 20, ndani ya zoezi la dakika 10, walipata baada ya wiki 12 ongezeko lilelile la uwezo, asilimia 19, kama wenzao waliofanya dakika 45 za mwendo mmoja. Nao Robert Ross na wenzake wa Kingston, hukohuko Kanada, mwaka 2015, waliwafuatilia watu 300 wenye vitambi kwa wiki 24, wakiwapangia mazoezi mepesi au makali: kiuno kilipungua karibu sawasawa, lakini sukari ya damu saa mbili baada ya kunywa glukosi ilikuwa nafuu kwa kundi la kasi kubwa tu. Kwa mtu ambaye kwao kuna kisukari, jibu hilo lina thamani kuliko sentimita moja ya kiuno, na ni sababu tosha ya kujituma siku moja moja hadi pumzi ikatike.

Kinachobaki ni nani aanze na nini, na hapo sioni sababu ya kuwa na haya kutoa maoni. Mtu mwenye kilo 100, magoti yanayolia akipanda ngazi, na presha ambayo hajaipima tangu mwaka juzi, hapaswi kuwekwa mbele ya saa nyekundu na kuambiwa aruke. Kila anapotua, goti hupokea mzigo unaozidi uzito wake mara kadhaa, na wengi wa namna hiyo huonekana jimu kwa wiki mbili kisha wanapotea. Huyo apime presha, atembee haraka dakika 30, ashuke daladala vituo viwili kabla kama barabara yake ina pa kutembea, kwa maana barabara zetu nyingi hazina, na kwa wanawake giza la alfajiri lina hatari zake ambazo hakuna mwongozo wa mazoezi unaozitaja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limeweka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za makali, au mchanganyiko. Kwa mwenye lengo la mafuta, mimi ningemwelekeza upande wa 300. Baada ya mwezi mmoja au miwili, miguu ikishazoea, siku moja ya wiki aifanye ya vipindi, kwenye mlima mfupi kama upo, kwa kuwa mlima hupunguza kishindo cha miguu: apande kwa nguvu dakika moja, ashuke akitembea, mara sita. Kwa kijana mwenye kazi ya masaa mengi na nusu saa tu ya kujinyang'anyia, ambaye mwili wake hauna hitilafu, vipindi mara mbili kwa wiki ni bora mara nyingi kuliko mwendo mmoja ambao hataufanya.

Nimekuwa nikifuata mpango huo tangu Novemba: kutembea haraka siku tatu, jogingi ya Jumapili, na Jumatano jioni kwenye saa nyekundu, sasa bila kudanganya kwa mikono. Mkanda umerudi tundu mbili. Mkufunzi anasema ni zile dakika nne, mzee anasema ni Jumapili. Mke wangu, ambaye ndiye mpishi, anasema chupa ya lita moja ya mafuta ya kupikia iliyokuwa ikiisha kwa wiki sasa inafika siku kumi na mbili, na kwamba mimi ndiye niliyeacha kuulizia chapati za usiku.